Jules Cornet, mtu mwenye jina lake liko mu jiwe la Étoile

Mchimbaji wa Katanga anajua malakiti ya kijani na eterojeniti nyeusi, hata mu giza ya shimo. Lakini kuko jiwe lingine, dogo sana, la rangi ya bulu yenye kuiva, ambalo wengi wanalipita bila kuliangalia. Wajuzi wanaliita kornetiti. Mara ya kwanza lilijulikana ku mine ya Étoile, ile wazee wanaita Kalukuluku, pembeni ya Lubumbashi. Jina hilo linatoka kwa Jules Cornet.

Cornet alizaliwa mwezi wa tatu 1865 huko Saint-Vaast, Ubelgiji, inchi ya makaa ya mawe. Baba yake naye alikuwa mjuzi wa mawe. Katika mwaka 1891, akiwa na miaka 26, akaingia katika safari ya kapiteni Bia kuja Katanga. Walipofika Bunkeya mwanzo wa 1892, mwami Msiri alikuwa amekwisha kuuawa na watu wa safari ingine, na inchi ilikuwa na njaa kali. Wapagazi na askari wengi walikufa njiani. Bia mwenyewe akafa mwaka ule ule, na Francqui akashika nafasi yake.

Katika taabu hiyo Cornet aliendelea kutembea na nyundo yake. Kambove na Likasi alikuta mashimo makubwa. Si wazungu waliyachimba. Bankambo yetu walikuwa wakitoa malakiti wakati wa kiangazi, wanaiyeyusha na makala mu tanuru za udongo wa kichuguu, wanapata misalaba ya mukuba ya kufanyia biashara. Mashimo yale njo yalimuonyesha Cornet mahali pa kuangalia. Kazi yake ilikuwa kupima, kuchora na kuandika namna mawe yalivyolala.

Alirudi kwao 1893, na mwaka uliofuata akatoa maandiko juu ya madini ya Katanga. Watu wanasema ni yeye aliyeita Katanga kashfa ya jiolojia, juu ya wingi wa mali yake. Lakini mali bila njia haitoki. Reli ilifika Elisabethville 1910 tu, na mwaka 1911 mukuba ya kwanza ya Union Minière ikayeyushwa, kwa mawe ya Étoile. Cornet yeye alikuwa mwalimu huko Mons, anafundisha vijana wa kazi ya mine.

Wakati wa Vita ya Kwanza, Buttgenbach, mjuzi mwingine wa Ubelgiji, alitoa jina la Cornet kwa lile jiwe la bulu. Jiwe hilo halikuzaliwa pamoja na mukuba ya chini. Maji ya mvua na hewa vinashuka mu nyufa kwa maelfu ya miaka, vinaharibu mawe ya zamani na kubeba mukuba yao. Mukuba ikikutana na hewa ya kaboni, inakuwa malakiti. Ikikutana na fosfori, inaweza kuwa kornetiti. Fosfori ni kidogo kule, njo maana jiwe ni la nadra. Mashine ya kusaga hailichagui: linakwenda pamoja na mengine.

Cornet alikufa Mons mwezi wa tano 1929. Alifanya kazi ya kweli, na si vibaya jiwe kubeba jina lake. Lakini kati ya wale waliochimba Kambove mbele yake, hatuna hata jina moja katika majina ya mawe. Kama mu nyumba yako kuko mzee mwenye kujua nani alifungua shimo gani, umuulize leo, na uandike.