Askofu Obadiah Kariuki na maana ya kufunguliwa

Kila mwaka ninapofundisha mnyambuliko wa vitenzi, huandika ubaoni kitenzi kimoja: funga. Kutokana nacho twapata nomino mfungwa. Tukikitia kauli ya kutendua twapata fungua, na tukiongeza kauli ya kutendwa twapata funguliwa. Hapo huwaomba wanafunzi wangu waitazame vyema mofimu hiyo ya kutendwa. Anayefunguliwa hajifungui, sharti awepo mwingine wa kumfungua. Askari jela hufungua lango tu. Kazi inayobaki ni ya jirani, ya jamaa na ya kanisa.

Nikitafuta mtu wa kunifafanulia jambo hili katika upande wetu wa Mlima Kenya, huku Embu na Meru, humkumbuka hayati Askofu Obadiah Kariuki.

Alizaliwa Kiambu mwaka 1902, akawa mwalimu kabla ya kuwa kasisi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliguswa na vuguvugu la Uamsho lililotoka Rwanda na Uganda, akawa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo katika nchi ya Wakikuyu. Watu wa Uamsho walikuwa na desturi ya kuungama makosa hadharani na kuombana msamaha ana kwa ana. Wengi waliicheka desturi hiyo. Haikupita miaka mingi kabla ya thamani yake kuonekana.

Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Kariuki hakuitazama jela kwa mbali, kwani mkewe alikuwa binti wa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu. Mzee Koinange alishtakiwa kwa mauaji ya Chifu Waruhiu. Mahakama haikumpata na hatia, lakini serikali ilimweka kizuizini vivyo hivyo. Alirudi akiwa mkongwe na kufariki mwaka 1960. Jomo Kenyatta, aliyekuwa amemwoa binti mwingine wa Koinange, alihukumiwa mwaka 1953 kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Katika nyumba ya Kariuki, basi, mfungwa lilikuwa jina la jamaa wa karibu.

Hata hivyo, ndugu wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia bunduki za Home Guard. Walishukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Mei 1955, huko Namirembe, Kampala, Kariuki na Festo Olang' waliwekwa wakfu kuwa Waafrika wa kwanza kushika uaskofu wa Kianglikana nchini Kenya. Heshima hiyo ilikuwa pia mzigo. Maelfu ya watu kutoka Kiambu hadi Meru walikuwa kambini, na wengi wao waliwaona wahubiri waliotumwa humo kuwa mkono wa pili wa serikali. Ungamo alilolitaka mhubiri lilifanana mno na lile alilolitaka ofisa.

Kambi za Mwea zilikuwa katika Wilaya ya Embu ya wakati huo, na wafungwa ndio waliochimba mifereji ya mashamba ya mpunga tunayoyaona leo. Waliporejea makwao, wengi walikuta ardhi imekwisha kupimwa na kugawanywa upya chini ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Katika uchaguzi wa Machi 1957, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura pasipo cheti cha uaminifu.

Babu yangu alikuwa miongoni mwa waliorejea. Kwa muda mrefu aliketi benchi la nyuma kanisani, maana aliyeongoza nyimbo mbele alikuwa zamani Home Guard. Siku moja mtu huyo, kwa desturi ya Uamsho, alimjia nyumbani, akaungama aliyoyatenda, na kumrudishia kipande cha shamba kando ya mto. Sehemu iliyosalia haikurudi kamwe, na babu aliitaja hadi alipofariki.

Mwaka 1961 Kariuki alikabidhiwa Dayosisi ya Fort Hall, yaani Murang'a, iliyoitwa Dayosisi ya Mlima Kenya tangu 1964, na ambayo ilifika hadi Embu na Meru. Waumini wake walikuwa waliofungwa na waliowafunga, wote wakishiriki kikombe kimoja. Uamsho ulimtaka kila mmoja aungame lake, asisubiri mwenzake. Nadhani njia hiyo ilikuwa na pengo: ilitibu nyoyo upesi kuliko ilivyorudisha mali. Lakini pasipo njia hiyo, hata kile kipande cha kando ya mto kisingalirudi.

Mwaka 1975 dayosisi iligawanywa, na upande wa mashariki ukapata makao yake Embu chini ya David Gitari. Kariuki alistaafu mwaka 1976 na kufariki mwaka 1978.

Leo Wakristo huingia katika magereza ya Embu na Meru wakiwa na Biblia, sabuni na nyimbo. Ni kazi njema. Wanaomngoja mfungwa nje siku ya kutoka ni wachache zaidi. Akiomba kazi, huulizwa cheti cha tabia njema, kama vile babu zetu walivyoulizwa cha uaminifu. Najua mwizi wa mifugo si mpigania uhuru, na aliyeibiwa ana haki ya kusikia ungamo na kulipwa. Ndiyo maana njia ya Kariuki ingali na maana: inamdai mkosaji ukweli, na inamdai jirani nafasi.

Walimu wenzangu, katika madarasa yetu wamo watoto ambao baba zao wametoka jela juzi. Tuchunge namna tunavyowataja wazazi wao mbele ya wengine. Lango la gereza lilikwisha kufunguliwa na askari. Yaliyobaki ni juu yetu.