John Atkinson Grimshaw, Mchoraji wa Bandari

Bwana huyu alizaliwa mjini Leeds, katika nchi ya Uingereza, tarehe 6 Septemba, 1836. Wazazi wake walikuwa watu wa dini sana, wala hawakupenda mtoto wao ashughulike na picha. Yasemekana mama yake alizitupa rangi zake motoni. Basi kijana akawa karani wa reli, na uchoraji akajifunza mwenyewe. Mwaka 1861, akiwa tayari ameoa, aliacha ukarani na mshahara wake, akategemea brashi tu.

Alifanikiwa. Mwaka 1870 alipanga jumba la kale liitwalo Knostrop, na baadaye akapata nyumba nyingine pwani, huko Scarborough. Lakini karibu na mwaka 1880, rafiki yake ambaye alikuwa amemdhamini alishindwa kulipa deni, nalo likamwangukia Grimshaw. Nyumba ya pwani ikaachwa. Tangu hapo ilimbidi achore bila kupumzika, pengine picha 50 kwa mwaka mmoja.

Nyingi za picha zake za bandari za Liverpool, Glasgow na Hull ni za miaka hiyo ya deni. Karibu zote ni za usiku. Upande mmoja mtaona milingoti ya meli, upande wa pili maduka yenye taa za gesi, na katikati njia iliyolowa mvua inayong'aa. Moshi wa makaa, uliowakohoza watu wa miji ile, yeye aliugeuza ukungu wa dhahabu.

Liverpool ilitajirika kwa pamba ya Marekani iliyopelekwa katika viwanda vya Lancashire. Makuli walioipakua waliandikwa kwa siku, au hata nusu ya siku. Asiyechaguliwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Katika picha za Grimshaw watu wa namna hiyo ni vivuli vidogo tu. Wako wanaomlaumu kwa hilo, nami nakubali kidogo. Wanunuzi wake walikuwa matajiri wa biashara, na hao hawakutaka kutundika njaa ukutani. Naye, kwa deni lile, alikuwa kibarua wao: picha isiponunuliwa, hakuna chakula.

Alifariki Knostrop mwezi wa Oktoba, 1893, akiwa na umri wa miaka 57. Watoto wake wanne nao wakawa wachoraji, na katika nyumba yao hakuna aliyetupa rangi motoni.