Stanley Browne: munganga wa Yakusu aliyefuata ukoma hadi vijijini

Doa la ukoma haliumi wala haliwashi. Hiyo ndiyo hatari yake kubwa. Mkaaji wa Mabanga, iwe Kaskazini au Kusini, anaweza kuliona doa limepauka mgongoni au mkononi, akalidhania kuwa choa, akanunua pomadi kwenye famasi ya jirani, akaendelea na kazi zake. Miaka inapita. Siku anayojikuta ameungua kidole kwenye mbabula bila kusikia moto, mishipa ya fahamu imeshaharibika, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Dawa ya kuuzuia ugonjwa usifike huko ipo, na tangu 1995 inatolewa bure duniani kote. Ni mchanganyiko wa dawa tatu: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Hii ya tatu ilijaribiwa kwa wagonjwa wa ukoma na daktari aliyejifunza kusoma ngozi za watu humu humu Kongo, kwenye ukingo wa mto, kwa muda wa miaka 23. Aliitwa Stanley George Browne.

Kijana wa ofisini

Browne alizaliwa mwezi Desemba 1907 katika mtaa wa New Cross, kusini-mashariki mwa London, katika familia ya Wabatisti isiyokuwa na mali. Akiwa na umri wa miaka 14 aliacha shule na kwenda kufanya kazi ndogo za ofisini katika halmashauri ya Deptford. Mchana alikuwa kazini, jioni darasani. Kwa njia hiyo alipata msaada wa masomo uliomwingiza King's College, London, akahitimu udaktari mwaka 1933. Katika miaka miwili iliyofuata alifaulu mitihani ya juu ya utabibu na ya upasuaji, ambayo kwa wengi mmoja tu unatosha.

Angeweza kubaki London na kuishi vizuri. Alichagua Kongo. Kwanza alipitia Antwerp, Ubelgiji, kusomea magonjwa ya nchi za joto, na mwaka 1936 akafika Yakusu, kituo cha misheni ya Wabatisti kilichoko chini kidogo ya mji tunaouita leo Kisangani. Wenyeji walimwita Bonganga, yaani mponyaji. Kwa msikilizaji wa Goma jina hilo si geni: ni ndugu wa neno letu munganga.

Hospitali isiyongoja wagonjwa

Yakusu haikuwa pori tupu la kitabibu. Daktari Clement Chesterman, aliyemtangulia Browne, alikuwa ameshajenga hospitali, akapambana na malale na kuanza kufundisha vijana wa Kikongo kazi ya uuguzi. Fikra yake ilikuwa rahisi: daktari mmoja akikaa hospitalini akingoja, atawaona wachache walio na nguvu ya kutembea. Muuguzi aliyefundishwa vizuri, akikaa katika kijiji chake mwenyewe, atawaona wote.

Browne aliichukua fikra hiyo na kuipeleka mbali zaidi. Alizunguka kwa mtumbwi, kwa baiskeli na kwa miguu katika eneo lenye maelfu ya kilomita za mraba, akakuta ngozi za watu zimebeba magonjwa mengi kwa pamoja: buba, vidonda sugu, upele, na usubi unaoletwa na nzi wadogo wa mtoni, ambao huharibu ngozi na hatimaye kupofusha macho. Katikati ya yote hayo alikuta ukoma, tena mwingi kuliko ilivyoandikwa kwenye daftari za serikali. Wengi walikuwa wamefichwa na jamaa zao.

Walikuwa na sababu ya kuwaficha. Serikali ya kikoloni ilikuwa na desturi ya kuwatenga wagonjwa wa ukoma, na aliyetengwa hakujua kama atarudi. Dawa iliyokuwapo ilikuwa mafuta ya mbegu za chaulmugra, mti wa Asia. Yalidungwa kwa sindano, yakiuma sana na kusaidia kidogo. Nani atoke hadharani kwa ajili ya kifungo na maumivu?

Yalisombo

Karibu na Yakusu, mahali paitwapo Yalisombo, Browne alijenga kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Watu waliishi humo na familia zao, wakalima na kusomesha watoto. Kilikuwa pia mahali pa utafiti, ingawa hakikuwa na mashine kubwa. Kazi yenyewe ilikuwa ya macho, vidole na kalamu: kuchora kila doa lilipo, kupima kama ngozi inasikia mguso na moto, kupapasa mishipa ya fahamu kwenye kiwiko na nyuma ya goti, kukwangua tone dogo kwenye ndewe ya sikio na kulitazama kwa darubini, kisha kurudia yote hayo kwa mtu yule yule baada ya miezi kadhaa.

Ukoma unadai subira ya namna hiyo. Kijidudu chake, kilichogunduliwa na Gerhard Armauer Hansen huko Bergen, Norwe, mwaka 1873, huzaana polepole mno, na hadi leo hakuna maabara iliyoweza kukikuza kwenye sahani kama vijidudu vingine. Ili kujua kama dawa inafaa, ilibidi kumtazama mgonjwa mwenyewe, na kumtazama kwa muda mrefu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja dawa za salfoni, zilizoonyesha nguvu yake kwanza huko Carville, Marekani, mwaka 1941. Mojawapo, dapsoni, ilikuwa kidonge cha bei ndogo ambacho mtu angeweza kukimeza akiwa kwao. Mtandao wa vituo na wauguzi uliokuwapo Yakusu ukapata silaha uliyoihitaji. Habari kwamba ugonjwa unatibika ilipoenea, waliokuwa wamejificha walianza kujitokeza wenyewe, bila kukamatwa na yeyote.

Kidonge chekundu

Mwaka 1959, miezi michache kabla ya uhuru wa Kongo, Browne alihamia Uzuakoli, mashariki mwa Nigeria, kuongoza kituo cha utafiti wa ukoma. Huko ndiko alikopokea dawa iliyokuwa bado inaitwa kwa namba: B663. Ilikuwa imetengenezwa Dublin, Ireland, na kundi la mwanakemia Vincent Barry, waliokuwa wakitafuta dawa ya kifua kikuu. Kwa kifua kikuu haikuwa imeleta matumaini yaliyotarajiwa. Kwa kuwa kijidudu cha ukoma ni ndugu wa kile cha kifua kikuu, ilifaa kuijaribu.

Browne na mwenzake Hogerzeil waliwapa wagonjwa wachache dawa hiyo na kuwafuata mwezi kwa mwezi. Taarifa yao ya kwanza ilitoka mwaka 1962: vijidudu vilikuwa vinapungua na ngozi ilikuwa inapona.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo asiyekaa na wagonjwa asingeliona. Katika matibabu ya ukoma kuna kipindi cha kutisha. Mtu aliyekuwa anapata nafuu anashikwa ghafla na homa, vinundu vyenye maumivu vinatokea chini ya ngozi, na mishipa ya fahamu inavimba. Ni mwili unaopambana na vijidudu, hata vilivyokufa. Ni rahisi wakati huo kuamini kwamba dawa ndiyo inayoua, na wengi huiacha. Browne aliona kwamba waliokuwa wakimeza B663 walipatwa na hali hiyo kwa nadra, na walioipata ilitulia. Mwaka 1965 alichapisha uchunguzi huo: dawa hii inaelekea kuua vijidudu na papo hapo kutuliza mfumuko wa mwili. Wengine walihitaji muda kukubali, lakini watafiti wa nchi nyingine walikuja kuthibitisha.

Dawa hiyo, iliyokuja kuitwa klofazimini, ina kasoro ambayo Browne hakuificha: inaigeuza ngozi kuwa na rangi nyekundu iliyokolea au nyeusi, hasa penye madoa. Rangi hiyo hufifia baada ya matibabu kwisha, lakini taratibu. Kwa mtu anayeogopa majirani wasijue ugonjwa wake, dawa inayomtangaza usoni si jambo dogo. Muuguzi asiyemweleza mgonjwa tangu siku ya kwanza atampoteza.

Mwaka 1964, wakati kazi ya Uzuakoli ikiendelea, watafiti huko Malaysia walithibitisha kwamba kijidudu cha ukoma kimeanza kuizoea dapsoni. Kutegemea dawa moja kulikuwa kunafika mwisho. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa zitolewe kwa pamoja, na klofazimini ikawa mojawapo. Katikati ya miaka ya 1980 wagonjwa walioandikishwa duniani walikuwa zaidi ya milioni 5. Katika miongo iliyofuata mamilioni walimaliza matibabu na kufutwa kwenye daftari.

Browne aliushuhudia mwanzo tu wa mafanikio hayo. Tangu 1966 alikuwa London akiongoza kituo cha masomo ya ukoma na kuwa katibu wa chama cha kimataifa cha wataalamu wa ugonjwa huo, akisafiri nchi moja hadi nyingine. Alifariki Januari 1986, akiwa na umri wa miaka 78.

Majina yasiyoandikwa

Maisha ya Browne yamesimuliwa vitabuni hata alipokuwa hai. Wauguzi wa Kikongo waliokwangua masikio, kuhesabu vijidudu na kupeleka vidonge kwa mtumbwi hawakupata vitabu. Wagonjwa wa Yalisombo na Uzuakoli, ambao miili yao ndiyo iliyotoa jibu, hawajulikani kwa majina. Walijaribiwa katika enzi ambayo ridhaa ya mgonjwa haikuwa na kanuni za kimataifa kama zile ambazo madaktari walikubaliana Helsinki mwaka 1964. Sifa ya mtu mmoja ni kweli, lakini si kweli yote.

Leo utafiti wa magonjwa yanayoonekana kwenye ngozi unaongozwa na Wakongo wenyewe. Mpox ilipoenea Kivu na kufika katika kambi za wakimbizi wa ndani kuzunguka Goma mwaka 2024, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Biomedikali, INRB, pamoja na washirika wa Marekani, ilikuwa imeijaribu dawa ya tekovirimati huko Tunda, Maniema, na Kole, Sankuru. Matokeo yaliyotangazwa Agosti mwaka huo yalionyesha kwamba dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Hata hivyo, kati ya wote walioshiriki, waliopewa dawa na wasiopewa, waliofariki walikuwa asilimia 1.7, wakati kwingineko nchini walikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Kulazwa, kusafishwa vidonda, kulishwa na kuangaliwa kila siku kuliokoa watu. Browne, aliyetumia miaka 23 kuwafuata wagonjwa hadi kwenye nyumba zao, asingeshangaa.

Cha kufanya

Kongo bado ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye wagonjwa wapya wengi wa ukoma kila mwaka. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Doa lililopauka au jekundu likiguswa kwa unyuzi wa pamba huku mtu amefumba macho, naye asisikie, hilo si la pomadi. Aende kituo cha afya. Matibabu ni ya miezi 6 au 12 kulingana na hali ya ugonjwa, hayalipiwi, na mgonjwa huacha kuambukiza muda mfupi baada ya kuanza dawa. Hakuna haja ya kumhamisha chumba wala kumtengea sahani.

Walio naye nyumbani wachunguzwe pia, watoto kwanza. Na ngozi ikianza kugeuka rangi baada ya wiki kadhaa za vidonge, asiache: ni klofazimini inafanya kazi yake.