Mwalimu Enoch Sontonga na Sauti Zake Nne



Hatudhani yuko mtunzi anayeimbwa Mbeya na Iringa mara nyingi kumshinda Mwalimu Enoch Sontonga, wala hatudhani yuko ambaye jina lake hutajwa mara chache kuliko lake. Watoto wa shule huimba kazi yake wakiwa mstarini, na sisi wazee huisimamia kwa heshima. Huo ndio wimbo wetu wa taifa, Mungu Ibariki Afrika. Basi leo tuseme habari za aliyeutunga.

Alizaliwa mnamo mwaka 1873 huko Uitenhage, Afrika Kusini, katika kabila la Waxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Alifundisha hapo kwa muda wa miaka minane hivi. Kadhalika alikuwa mwalimu wa kwaya, mhubiri asiye kasisi, na tena mpiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakajaliwa mtoto wa kiume. Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu twayafahamu sana maisha ya namna hiyo: mshahara mmoja, kazi nne.

Mwaka 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio kwa ajili ya wanafunzi wake. Mwaka 1899 wimbo ukaimbwa hadharani, siku alipowekewa mikono Mchungaji Boweni, Mtsonga wa Kanisa la Kimethodisti.

Hapa twaomba tusimame kidogo, kwa kuwa wapiga vinanda wetu vijana wana la kujifunza kwake. Nota tatu au zaidi zikipigwa pamoja wao huziita kodi (si ile anayoifuatilia mtendaji wa kata). Wimbo wa Sontonga, kwa sehemu kubwa, hutembea juu ya kodi tatu za msingi tu: do-mi-so, fa-la-do, na so-ti-re. Mtoto wa darasa la tano aweza kuzijifunza kwa siku moja. Mbona basi wimbo wenyewe haukinaishi, hata baada ya miaka zaidi ya mia moja na ishirini?

Ni kwa sababu Mwalimu aliutunga kwa sauti nne. Tuchukue do-mi-so. Katika kwaya, besi hushika do ya chini, teno akapanda mpaka so, alto akawa na mi, na soprano akaimba do ya juu. Nota ni zile zile tatu, lakini zimetandazwa, na kila moja ina nafasi ya kupumua. Kijana wa kinanda naye hubana vidole vitatu mahali pamoja, do-mi-so kama donge la ugali, na kodi ikibadilika mkono mzima huruka na donge lake mpaka fa-la-do. Hajakosea nota hata moja, ila masikio yanachoka.

Mwanakwaya haruki hivyo. Kutoka do-mi-so kwenda fa-la-do, mwenye do hubaki alipo, mwenye mi hupanda hatua moja tu kufika fa, na mwenye so hupanda la. Kwenda so-ti-re, mwenye so hatikisiki, do hushuka ti, na mi hushuka re. Besi peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuruka. Mpiga kinanda afanye vivyo hivyo: mkono wa kushoto ushike nota moja ya chini, au nota hiyo pamoja na mwenzake wa juu, na mkono wa kuume utandaze zilizobaki, ukisogea kidogo kidogo. Chini nota zikae mbali mbali, juu ndipo zikaribiane. Akiibana mi karibu na do kule chini kabisa, atapata ngurumo tu. Iwapo kuna nota ya kurudiwa, arudie do kuliko mi. Akitaka utamu zaidi, kwenye so-ti-re aongeze fa, kisha fa hiyo ishuke mi na ti ipande do. Mahali pengine besi ashike mi badala ya do, nao wimbo utapata njia mpya bila kubadilishwa hata kidogo.

Wako wanaozidisha, wakarundika nota tano sita kila mahali mpaka waumini hawajui waanzie wapi. Kwa kuongoza watu wanaoimba, sisi hatupendi.

Jambo hili latusumbua kwa sababu ya mtaa mmoja tuujuao. Kinanda cha umeme kilinunuliwa kwa michango ya waumini, nacho hujipigia madonge yake chenyewe, pamoja na ngoma. Kabla ya miaka miwili kupita, alto wote walikuwa wamehamia sauti ya kwanza, na besi wamebaki wazee wawili. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo atafikiri wimbo una sauti moja. Nota za sol-fa, ambazo Sarah Glover alizianzisha Uingereza na John Curwen akazieneza katika karne ya 19, ziliwawezesha watu wasio na piano kuimba sauti nne kwa ubao na chaki tu. Ubao na chaki bado tunavyo.

Sontonga alifariki tarehe 18 Aprili 1905, kijana wa miaka thelathini na kitu. Hakuona wimbo wake ukienea. Kwaya ya Ohlange iliuchukua, na tarehe 8 Januari 1912 ukaimbwa Bloemfontein katika mkutano wa kuanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliuimba London kwenye santuri, akisindikizwa na piano. Mwaka 1927 ukachapishwa pamoja na beti saba zaidi za mshairi Samuel Mqhayi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, tukauimba kwa Kiswahili.

Kaburi lake halikujulikana kwa miaka mingi. Lilipatikana katika makaburi ya Braamfontein baada ya watu kutafuta daftarini kwa jina la Enoch badala ya Sontonga, na Septemba 1996 likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Nyimbo zake nyingine alikuwa ameziandika katika daftari la shule, ambalo walimu wa kwaya waliazimana. Mwishowe lilifika kwa bibi mmoja wa ukoo wake, mpenzi mkubwa wa ndondi huko Soweto. Bibi huyo alifariki karibu na wakati ule ule wa 1996, na daftari halijaonekana tena.