Makopo Machache ya Marehemu Tingatinga

Kijana wa Dagoretti Corner, Nairobi, abunipo leo michoro ya matatu kwa kompyuta, mbele yake zipo rangi zaidi ya milioni 16. Asili yake ni tatu tu: nyekundu, kijani na buluu, kila moja ina daraja 256. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alikuwa na makopo machache ya rangi ya baiskeli.

Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania. Akenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam, akawa mtumishi wa Mzungu. Mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora juu ya hadibodi. Hutandaza rangi moja uwanja mzima, halafu humweka chui au ndege peke yake. Iliyokosekana dukani huzaliwa koponi: nyeupe juu ya nyekundu, waridi hiyo, buluu kwa manjano, kijani. (Lugha yetu nayo si ndivyo ifanyavyo? Majina yake ya asili ya rangi ni haba, basi imeazima majivu, udongo na maji ya kunde.)

Picha zikauzwa Morogoro Stores, Oyster Bay, wanunuzi wengi wakiwa wageni. Naye akawafunza jamaa zake.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Umri wake miaka 40; kazi yake ya uchoraji haikutimiza hata mitano. Simon Mpata, jamaa na mwanafunzi wake, akaja na rangi zile Kenya.