Bonaya Godana: Safari ya amani iliyoishia kwenye ukungu

Siku hizi ukitoka Meru asubuhi, unapita Isiolo na lami inakufikisha Marsabit jua likiwa bado juu. Mwaka 2006 mambo yalikuwa tofauti. Sehemu zote hizo zilikuwa Mkoa wa Mashariki, makao makuu yake Embu, na barabara ya kaskazini ilikuwa mawe na vumbi. Viongozi wenye haraka walipanda ndege.

Mmoja wao alikuwa Dkt Bonaya Godana. Kama wewe ni wa juzi huenda humjui, lakini huyu hakuwa mtu wa mchezo. Alizaliwa 1952 Dukana, karibu na mpaka wa Ethiopia, katika jamii ya Wagabra, wafugaji wa ngamia. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akapata udaktari Geneva, Uswisi. Alichambua sheria za mito inayopita nchi kadhaa, ukiwemo Nile. Yaani mtoto wa jangwani akawa bingwa wa maji!

Mwaka 1988 akawa mbunge wa North Horr, baadaye Naibu Spika, na 1998 Waziri wa Mambo ya Nje.

Lakini nyumbani kulikuwa kunawaka. Wagabra na Waborana waligombania malisho na visima. Julai 12, 2005, wavamizi waliingia Turbi wakaua makumi ya watu, wakiwemo watoto wa shule ya msingi.

Aprili 10, 2006, Godana alipanda ndege ndogo ya jeshi aina ya Y-12 kwenda mkutano wa amani Marsabit. Humo pia alikuwemo Guracha Galgallo, mbunge wa Moyale, Mborana. Jamii zao zilikuwa zimekosana, wao wakapanda ndege moja.

Mlima Marsabit umesimama peke yake katikati ya jangwa, na msimu wa mvua baridi na ukungu huufunika kabisa. Ndege ilipokuwa ikijaribu kutua, iligonga kilima na kushika moto. Kati ya watu 17, walifariki 14, wakiwemo wabunge watano. Godana alikuwa na miaka 53.

Mwaka 2009, wazee wa Wagabra na Waborana walikubaliana amani Maikona na Walda. Mkutano ambao Godana hakuufikia, wengine waliuendeleza, tena chini, kwa miguu yao.