Tippu Tip na Ufunguo wa Ghala la Baruti

Kila anapotajwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule tumjuaye kwa jina la Tippu Tip, mazungumzo huishia kwenye pembe na watumwa. Ni haki yatajwe, na mimi sitayaficha. Lakini leo nataka kumtazama kwa upande mwengine, ambao ni nadra kuzungumzwa barazani kwetu. Mtu huyu alikuwa pia mwenye jeshi la kukodiwa. Wageni walimlipa awalinde njiani, na baadaye wakamlipa awashikie kituo. Kwa lugha ya leo tungemwita mkandarasi wa ulinzi. Na kazi hiyo, zamani na sasa, husimama juu ya swali moja: bunduki ni yako, lakini je, baruti ni ya nani?

Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, katika ukoo wa wafanyabiashara wa safari za bara. Baba yake alikuwa na makazi Tabora, na kijana Hamed akaanza kutembea na misafara mapema. Kuhusu jina lake, wako wanaosema liliitwa kwa sababu ya kupepesa macho. Yeye mwenyewe alieleza kwamba watu wa bara walimpa kwa mlio wa bunduki zake. Nalipokea elezo lake, kwa sababu maisha yake yote yaliufuata mlio huo.

Mwaka 1867 alifika kwa Nsama, mtawala wa Itabwa, kusini magharibi ya Ziwa Tanganyika. Nsama alikuwa amekwisha kuwashinda wafanyabiashara waliomtangulia, na ngome yake ilijaa pembe. Tippu Tip alipigwa mishale huko, akajeruhiwa, lakini wenye bunduki wake, ingawa walikuwa wachache, wakaiteka ngome. Aliporudi pwani na mali ile, jina lilikuwa limekwisha kutangulia. Tangu hapo tajiri mkubwa wa Unguja, Taria Topan, akawa tayari kumkopesha bidhaa kwa wingi. Bidhaa hizo zilikuwa nguo na shanga, na pia bunduki, baruti na fataki.

Hapa lazima nieleze ni bunduki gani tunayoizungumzia. Sehemu kubwa ya silaha za misafara zilikuwa magobore, bunduki zinazoshindiliwa kwa mdomo. Mpigaji humimina baruti ndani ya mtutu, hutia risasi au vipande vya chuma, hushindilia kwa mdeki, kisha huweka fataki pale penye kitundu cha moto. Aliyezoea vizuri aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika. Wakati huo huo Ulaya ilikuwa imekwisha kuingia kwenye bunduki za kutia risasi kwa nyuma. Snider ya Waingereza iliweza kufika mara kumi kwa dakika. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha, magobore yao ya zamani yalitupwa sokoni kwa bei ndogo, na mengi yakaishia kwenye maghala ya Unguja.

Mtu anaweza kudhani basi kwamba wazee wale walibeba gobore kwa kutojua kilicho bora. Mimi sioni hivyo. Bunduki ya kisasa inataka risasi iliyofungwa pamoja na baruti yake ndani ya ganda, na ganda lile linatoka kiwandani Ulaya. Likiisha ukiwa Nyangwe, umeshika fimbo ya bei ghali. Gobore halichagui namna hiyo. Linakula baruti ya pipa, na risasi yake ikikosekana, kipande cha chuma au cha shaba kinatosha kwa masafa mafupi. Kitako kikivunjika, seremala anachonga chengine. Mtambo ukilegea, mhunzi hodari anaweza kuutengeneza. Kwa mtu aliye safari ya miezi mingi kutoka pwani, silaha bora ni ile anayoweza kuilisha na kuitengeneza pale alipo.

Utunzaji wake nao ulikuwa kazi ya kila siku. Baruti nyeusi ikiungua huacha masizi mazito yenye chumvi, na chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa. Bunduki ikilala bila kusafishwa, mtutu huanza kula kutu. Dawa yake ni maji, ya moto yakipatikana, ya kuyayusha masizi yale, kisha kitambaa kikavu, kisha mafuta. Kitundu cha moto kikiziba, fataki italia na bunduki haitajibu. Na baruti yenyewe ikipata unyevu hupoteza nguvu. Katika misitu ya Kongo, ambako mvua ni ya karibu mwaka mzima, pipa la baruti lilitaka kulindwa kama mtoto mchanga. Mwenye msafara asiyeyasimamia haya alikuwa na watu mia wenye vyuma mabegani, si wapiganaji mia.

Mwezi Oktoba 1876, Henry Morton Stanley alimkuta Tippu Tip Manyema. Alitaka kuufuata mto Lualaba mpaka mwisho wake, na watu wake waliogopa. Wakafunga mkataba: Tippu Tip na watu wake wenye silaha wamsindikize hatua 60, naye atalipa dola 5,000. Stanley alijisifu kwamba anayo bunduki inayotoa risasi kumi na tano bila kujazwa upya. Tippu Tip hakuamini. Alimjibu kwa mzaha kwamba naye anajua upinde wa nchi ile unaorusha mishale ishirini kwa pamoja, na kila mshale unaua mtu. Stanley akatoka nje akaipiga ile bunduki mfululizo, akamaliza na bastola. Kisa hiki amekieleza Tippu Tip mwenyewe katika tarjama ya maisha yake. Aliiona ajabu ile na akakiri kwamba ni kweli, lakini hakuacha magobore yake.

Njia ilikuwa ngumu, maradhi yakawaingia watu, na Tippu Tip akarudi kabla ya hatua 60 kutimia. Malipo hayakuwa kamili, na ahadi za zawadi kubwa zilimletea baadaye picha ya Stanley. Malalamiko hayo aliyabeba mpaka uzeeni. Lakini somo la silaha lililofuata lilikuwa kubwa zaidi, na lilitokea yeye akiwa safarini pwani.

Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa ameweka kituo Stanley Falls, Kisangani ya leo. Kilikuwa na askari wachache, bunduki za kisasa na mizinga, chini ya afisa aitwaye Deane. Mwaka 1886 Deane alimkinga mwanamke mtumwa aliyemtoroka bwana wake, akakataa kumrudisha. Watu wa pwani wakakishambulia kituo. Bunduki za Deane zilikuwa bora kuliko zao, lakini risasi zilikwisha na mashua ya kuleta nyengine haikufika kwa wakati. Askari wakaondoka, Deane akakimbilia msituni, kituo kikaangukia mikononi mwa wenye magobore. Nasema waziwazi kwamba katika ugomvi ule haki ilikuwa upande wa yule mwanamke. Bunduki bora iliyokosa risasi haikumsaidia yeye wala aliyemkinga.

Leopold aliposhindwa kukilinda kituo kwa askari wake, aliamua kumkodi mwenye nguvu ya pale. Februari 1887, Stanley akafika Unguja akiwa na mkataba mpya. Tippu Tip atakuwa liwali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Tena atampa Stanley wapagazi 600 wenye bunduki zao, kwa safari ya kumtafuta Emin Pasha. Baruti ya watu hao itatoka kwa Stanley. Wakapanda meli moja, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka mdomo wa mto Kongo. Stanley alikuwa na bunduki aina ya Remington zaidi ya 500, na Winchester 50.

Baruti iliyoahidiwa haikufika kama ilivyoahidiwa. Tippu Tip akashika neno hilo: baruti haikuja, wapagazi hawaendi. Meja Barttelot, aliyeachwa Yambuya na mizigo, akangoja tangu Juni 1887 mpaka Juni 1888. Kambi yake iliteketea kwa njaa na maradhi, na wengi waliokufa pale walikuwa wapagazi wa Unguja, watoto wa pwani hii hii. Tippu Tip hatimaye alitoa watu wapatao 400, wakaondoka, na mwezi Julai Barttelot akapigwa risasi na mmoja wa Wamanyema. Stanley alimtupia lawama yote Tippu Tip na akamshtaki Unguja, kesi ambayo mwishowe iliachwa.

Waandishi wengi wa Kizungu wamelieleza jambo hili kama hila ya Mwarabu. Mimi naliona kama ugomvi wa mkataba. Kuwapeleka watu msituni na magobore yasiyo na baruti ni kuwapeleka kufa, na hilo Tippu Tip alilijua kuliko yeyote. Wakati huo huo siwezi kumtoa lawamani, kwa sababu waliokuwa wakizikwa Yambuya hawakuwa wameandika mkataba wowote wa baruti. Wakubwa wawili walivutana, na walioteketea ni waliobeba mizigo.

Kisha mlango ukafungwa kutoka mbali. Mwishoni mwa 1888, Wajerumani na Waingereza waliizingira pwani kwa manowari, wakati wa vita vya Abushiri, na kuingiza silaha kukazuiwa. Julai 1890, Mkataba wa Brussels ukapiga marufuku kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, na magobore pamoja na baruti yake yakawekwa chini ya kibali na maghala ya serikali. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kuukomesha utumwa, na utumwa ulistahili kukomeshwa. Lakini ufunguo wa ghala la baruti sasa ulikuwa mkononi mwa wale wale walioitaka nchi.

Tippu Tip aliyaona hayo. Aliondoka Kongo mwaka 1890, akafika pwani 1891, na hakurudi tena. Mwaka uliofuata vita vilizuka kati ya dola ya Leopold na watu wa pwani walioko Kongo. Ngongo Luteta, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip, akahamia upande wa Wabelgiji pamoja na wapiganaji wake. Machi 1893 Nyangwe ikaanguka, Aprili ikafuata Kasongo. Sefu, mwana wa Tippu Tip, akauawa mwaka huo huo. Bunduki za kutia nyuma zenye risasi za kutosha, pamoja na maelfu ya wenyeji waliochoshwa na misafara, ziliyashinda magobore.

Hilo la kuchoshwa lisitupite. Vijiji vilivyochomwa, watu waliofungwa minyororo, pembe zilizobebwa na mateka: hayo pia ni hesabu ya maisha ya Tippu Tip. Kiswahili kinachosemwa Kongo leo kilifika huko pamoja na misafara hiyo, na tunakifurahia, lakini njia iliyokifikisha ilikuwa na damu. Mlinzi wa kukodiwa humlinda anayelipa. Asiyelipa hana mlinzi, na mara nyingi yeye ndiye anayeelekezewa mtutu.

Kwa nini nayaandika haya leo? Kwa sababu vijana wetu wa Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu bado wanaitwa kwenda kulinda mali za watu katika nchi za mbali, nyengine zikiwa na vita. Huulizia mshahara na viza. Ni wachache wanaouliza silaha ni ya nani, imesafishwa lini, risasi ni ngapi, nani atazijazia zikiisha, na nani atawatoa mambo yakiharibika. Tippu Tip, pamoja na dhambi zake zote, aliyauliza maswali hayo kabla ya kupeleka mtu. Kijana asiye na msafara wa kujivunia ana sababu kubwa zaidi ya kuyauliza. Na aongeze swali moja ambalo Tippu Tip hakujiuliza: ninayemwelekezea bunduki hii amenikosea nini?

Tippu Tip alifariki Unguja Juni 1905 kwa malaria, akiwa na mashamba na nyumba, na akiwa ameacha tarjama ya maisha yake kwa Kiswahili. Nyumba yake ingali imesimama Mji Mkongwe. Lakini jeshi lake lilimtangulia kufa. Nguvu ya mkandarasi hudumu kadiri ya baruti anayopewa, na anayetoa baruti anaweza kuizuia siku yoyote atakayo.